Askari Aliyekunywa Chai kwenye Shuka la Amerikani

Juzi niliwakabidhi funguo za banda, mashine, mikasi, chupa mbili za gundi na kabati la filamu. Hamkuniuliza mengi. Mmoja wenu alitaka tu kujua kama kiti changu kinabaki. Kinabaki. Lakini kwa kuwa hamkuuliza, nimeona niandike mwenyewe, maana Kasongo nzima na Kabambare nzima hakuna mtu mweusi aliyeishika kazi hii ya sinema kabla yangu, na sijamwona bado aliyeishika vizuri zaidi. Nasema bila haya. Baba yangu alilima mpunga na mihogo, na hakujua hata kushika kalamu. Mimi nilitoka kwake nikiwa na mzigo wa mfanyabiashara kichwani, nikarudi na diplome, hati ya ufundi.

Mzigo ule ulinifikisha mbali kuliko mwenye mzigo alivyokusudia. Baada ya misimu miwili ya kutembea na kufanya vibarua, nilijikuta Elisabethville, nikiosha bilauri kwenye sinema ya Wazungu. Fundi wa mashine alikuwa Baba Ilunga, Mluba mfupi mwenye vidole vyembamba kama vya mshona kofia. Wazungu walimwita boi, ingawa bila yeye wangekaa gizani wakitazamana. Niliomba kumfagilia chumba. Alinikubalia kwa sharti moja, nisiulize swali mpaka mwezi uishe. Nilikaa kimya mwezi mzima. Nawaambia hivyo kwa sababu ninyi mlipoanza kazi mliuliza hata kabla ya kuketi.

Baba Ilunga alinifundisha kuikagua filamu bila kuitazama. Unafumba macho, unaipitisha ukingoni kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, na kila tundu lililochanika utalisikia kama mwiba wa samaki. Unakata penye kidonda kwa mkasi, unakwangua kwa wembe, unatia gundi kidogo kuliko unavyodhani, unabana, unahesabu pumzi ishirini. "Filme ikikatika inaungwa," aliniambia. "Mutu ukimuuzi hapa, hatarudi tena. Uchunge watu kuliko filme." Niliifuata sehemu ya kwanza ya maneno yake kwa uaminifu mkubwa.

Nilifanya mtihani mbele ya Wazungu watatu. Walinifunga macho wakaniambia nitie filamu kwenye mashine. Waliposema anza, mimi nilikuwa nimekwisha maliza, kwa sababu kabla yake walisema neno la Kifaransa nisilolielewa, nikadhani ndilo la kuanza. Wakanipa diplome yenye mhuri mwekundu, nami nikaitia kwenye mkebe wa biskuti ili isilowe, nikapanda gari moshi kurudi kwetu.

Siku ya kwanza hapa Kasongo niliambiwa sinema iko kwa tajiri wa pamba, Mreno ambaye watu walimwita Bwana Pamba. Nilitazamia jumba. Nikaonyeshwa banda la mabati. Msimu wa kununua pamba lilijaa magunia mpaka kwenye paa, na kwa miezi mingine lilikuwa tupu, ndipo Bwana Pamba alipopata fikra ya kuleta mashine. Umeme tuliupata kwenye injini ya mtambo wa kuchambulia. Viti vilikuwa magunia. Vumbi la pamba liliingia kwenye lenzi, kwenye pua, kwenye chai. Nilimwambia Bwana Pamba kwamba mtu mwenye diplome hawezi kufanya kazi mahali kama hapa. Akanijibu kwamba yeye mwenyewe hana diplome na anafanya kazi hapo hapo. Nikavua koti.

Pazia la kuonyeshea lilikuwa shuka kubwa la amerikani, kitambaa cheupe cha pamba, vipande vinne vilivyoshonwa na fundi mmoja wa sokoni. Wakati ule watu wa mjini, hasa familia za Kiislamu, hawakutaka wanawake wao wakae gizani na wanaume. Basi Jumapili mbili za kwanza wanawake hawakuja, na Bwana Pamba akanung'unika. Mimi ndiye niliyepata dawa. Nililitundika shuka katikati ya banda, nikalilowesha kwa ndoo tatu za maji kabla ya kuanza, na picha ikapenya upande wa pili. Wanaume walikaa mbele, upande wa mashine. Wanawake waliingia kwa mlango wa nyuma, wakakaa nyuma ya shuka, wakaona yale yale. Tulianza baada ya sala ya alasiri, milango imefungwa, ili wote wawe nyumbani kabla ya magharibi. Mashehe wawili walikuja kukagua wakasema hakuna ubaya. Fikra ile haimo katika kitabu chochote cha Wazungu. Ilitoka kichwani mwangu.

Sasa kuhusu filamu zenyewe. Ninyi mnalalamika mkipata filamu iliyokwisha kuonyeshwa Kindu. Sisi tulikuwa na filamu kumi na moja, na tulizionyesha mwaka baada ya mwaka. Mpya zilipita mara chache, zikaenda zake. Lakini nataka mjue kwamba watu hawakuzichoka. Waliziomba. Waliniita njiani, "Bwana Sinema, tangu mvua ziishe hatujaona ile ya mamba!" Walitaka kuona kile wanachokijua, wamnong'oneze jirani kabla hakijatokea. Filamu mpya waliitazama kwa mashaka, kama mgeni aliyekuja bila barua.

Hazikuwa na sauti, au zilikuwa na sauti ya Kifaransa ambayo niliizima. Sauti nilikuwa mimi. Nilisimama kando ya shuka na fimbo, nikieleza kwa Kiswahili, mashine ikiangaliwa na msaidizi. Na hapa nilikuwa na mtindo wangu, ambao watu waliupenda kuliko picha. Kila mtu aliyetokea nilimpa jina la hapa kwetu. Mzungu mnene akianguka mtoni, nilisema, "Muangalie Kasuku wa Nyangwe, leo amelewa tena!" Na Kasuku, mvuvi, akiwemo bandani, aliinuka na kupiga saluti, banda zima likapiga makofi. Watu walitoka mbali ili waitwe majina. Niliwaita. Ulikuwa ufalme mdogo, na mimi ndiye niliyekuwa na fimbo.

Wakati wa vita, vijana wengi wa Maniema walichukuliwa jeshini. Walipelekwa upande wa mashariki, nchi za jangwa, na barua zao zilifika kama mvua ya kiangazi. Kisha siku moja ikaja bobini moja, yaani gurudumu moja la filamu, fupi, ikionyesha askari weusi kambini. Wanapiga gwaride, wanasafisha bunduki, wanapanga mstari wa chakula. Karibu na mwisho, askari mmoja anatoka kwenye mstari na kopo la chai, anageuka, anaitazama kamera moja kwa moja, anacheka, anakunywa. Ni muda wa kuvuta pumzi mbili. Bobini ile ilikuwa imechakaa, na wakubwa waliozungusha filamu mji kwa mji waliandika ibaki kwetu.

Habari zake zilifika Kabambare. Wiki chache baadaye, mchana, mwanamke mmoja alisimama mlangoni pa banda, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Pamoja naye walikuwepo mwanamke kijana na mzee mwenye kanzu. Walitembea njiani siku nne. Mwanamke alijulikana kama Mama Amuri. Kijana alikuwa Zaina, mke wa mwanawe Amuri, na mzee alikuwa Sumaili, baba mdogo wa Amuri.

"Bwana Sinema," alisema Mama Amuri, "nasikia unaonyesha inchi ile walipeleka batoto yetu."

"Naonyesha, mama."

"Mutoto yangu amekufia kule. Hospitali, na homa. Karatasi ya serikali ilifika mwezi jana. Kabla ya kukalia matanga, nataka kuona ile inchi iliyomukula."

Nilimwambia aje Jumapili. Alikaa nyuma ya shuka pamoja na wanawake. Mimi nilikuwa mbele na fimbo yangu, nikieleza gwaride. Askari wa chai alipogeuka na kunywa, nyuma ya shuka ulitoka mlio, nikadhani mtu ameumwa na nyoka.

"Amuri! Ni Amuri! Muangalie, bado anakunywa na mukono wa kushoto! Nilimupiga, nikamufunga kamba, shehe akamuombea, na hata jeshi haikumuweza! Mutoto yangu iko muzima!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wote wakageuza shingo kunitazama mimi. Ningeweza kukaa kimya. Lakini watu mia mbili walikuwa wananisubiri, na ulimi wangu ulikuwa umezoea. Niliinua fimbo nikamgusa askari yule kifuani.

"Ndiyo! Huyu ni Amuri wa Kabambare! Anawaambia: mama, chai ya huku haina sukari ya kutosha!"

Sijawahi kupigiwa makofi kama siku ile. Bwana Pamba mwenyewe alitoka ofisini kuuliza kuna nini.

Asubuhi yake walikuja nyumbani kwangu wote watatu. Mama Amuri alibeba jogoo. Mzee Sumaili hakuketi. Alitoa mfukoni karatasi ya serikali, akaikunjua polepole.

"Bwana mukubwa," alisema, "hapa wameandika mutoto wa ndugu yangu amekufa. Wewe jana ulisema yuko hai. Watu wa matanga wamekwisha alikwa. Mimi ni mutu wa shamba, sijui mambo ya masini. Nakuuliza kwa heshima, ni yeye kweli?"

"Uliza vizuri," Mama Amuri alimkatiza. "Mukono wa kushoto! Katika Kabambare yote nani tena anakunywa na kushoto?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa mara moja, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mtu anayekaa nyuma ya shuka huona picha imegeuzwa. Cha kulia ni cha kushoto. Maandishi huyaona yanakimbia nyuma, lakini wale wanawake hawakuwa wasomaji, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mimi nilikuwa nimesimama mbele. Mimi niliona askari yule akinywa kwa mkono wa kulia, kama kila Mwislamu aliyelelewa vizuri, kama kila mtu.

Yalihitajika maneno machache tu. Mama, umeona kwa nyuma. Lakini nilikuwa nimetangaza jina mbele ya mji mzima. Na ile fikra ya kulowesha shuka ilikuwa yangu, sifa yangu. Nikaona nitaambiwa kwamba aliyerudi na diplome hajui hata mkono wa mtu. Nilimtazama Mama Amuri, nikamwona anacheka peke yake akimtazama jogoo, nikajidanganya kwamba namhurumia.

"Ni yeye," nikasema.

Mzee Sumaili aliinua karatasi yake. "Na hii?"

Nikaonyesha ukutani, ilikotundikwa diplome yangu kwenye kioo. "Mzee, makarani wa jeshi wanaandika majina elfu kwa siku. Amuri wako wangapi? Wewe una karatasi, na mimi nina karatasi. Yangu ni ya macho."

Aliitazama kwa muda mrefu mihuri miwili, ule wa kwake na ule wa kwangu. Wangu ulikuwa mkubwa zaidi. Akaikunja karatasi ya kifo, akairudisha mfukoni, wakaenda kuwaambia watu wa matanga warudi makwao. Zaina alitoka wa mwisho. Mlangoni aligeuka akaniangalia, na sikuupenda mtazamo ule, ingawa sikuweza kuona kosa ndani yake.

Vita vikaisha. Askari wakarudi, wengine na medali, wengine na kikohozi. Amuri hakurudi. Mama Amuri alisema wamemweka kule kwa sababu ni hodari. Baadaye akasema ameoa huko, mjinga yule, ataona nikimshika. Kila mwaka, banda likiisha kuwa tupu, alikuja na lori la pamba likirudi, au kwa miguu, akaniletea karanga au asali, akaniomba jambo moja. "Nirudishie mutoto yangu kidogo." Nilimwonyesha. Wanawake wa Kasongo walimjua, wakamwachia gunia la katikati. Kipande kilipofika alisema naye: amekonda, amenona, nani anakufulia shati hilo. Nami mbele ya shuka nilisema jina, kwa sababu sikuwa na njia ya kutolisema.

Mkitaka kujua kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, ilikuwa hiyo, sentensi moja kwa mwaka.

Mwaka wa sita alikuja Zaina bila mama mkwe. Alifuatana na shangazi yake, ambaye alikaa mlangoni akimenya maharagwe na kusikia kila neno. Zaina alikuwa amekonda usoni. Kulikuwa na fundi wa mitumbwi wa Nyangwe, mtu mpole, aliyemposa mara mbili, na mara mbili wazee wakamjibu kwamba mume wa mwanamke huyu anaonekana kila mwaka Kasongo, anakunywa chai.

"Bwana Sinema," alisema, "nina swali moja. Mimi ni muke ao mimi ni mujane?"

"Zaina dada yangu, hayo ni mambo ya wazee wa ukoo..."

"Wazee wanasema wewe ndiye unajua. Shehe anasema, kama mutu anaonekana, siwezi kukaa eda. Kama ni muke, mume yangu iko wapi? Kama ni mujane, mbona sijalia? Nimekaa miaka sita kama mutu anayebeba mutungi, anauliza niweke chini, anaambiwa bado."

"Vumilia kidogo," nikasema.

Shangazi mlangoni akacheka bila furaha. "Kidogo yako ni ya namna gani, baba? Weye una bibi nyumbani, una batoto tano. Mupimie naye kwa kibaba hicho hicho."

Zaina aliondoka bila kuaga. Fundi wa mitumbwi, nilisikia baadaye, alioa kwingine msimu ule.

Baada ya siku chache nilikuwa nakagua bobini ile kwa vidole, kama nilivyofundishwa, nikasikia mwiba. Nilifumbua macho. Matundu yalikuwa yamechanika pale pale, kwenye askari wa chai. Nilikipeleka kipande dirishani. Picha ndogo kama kucha, moja juu ya nyingine, na katika kila moja kopo liko mkono wa kulia. Kanuni ya kazi iliniruhusu kukata. Ningekata dhiraa mbili, ningetia gundi, na Mama Amuri angekuja akamkosa mwanawe, nami ningemwambia filamu imekatika, pole mama. Hakuna mtu duniani angejua. Nilifungua mkasi. Nakiri mbele yenu kwamba niliufungua.

Nilichokiona ni kwamba ningemwua mtu ili nisionekane mwongo, na kwamba hata hivyo Zaina asingekuwa mjane, bali mke wa mtu aliyepotea kwenye filamu. Niliufunga mkasi. Niliyatia viraka matundu kwa vipande vyembamba vya filamu ya zamani, tundu kwa tundu, kazi ya mchana mzima, sikupoteza picha hata moja. Ndiyo kazi bora ya mikono yangu, na hakuna aliyeiona. Kisha nikatuma habari Kabambare kwamba waje wote watatu, si siku ya sinema.

Walikuja siku ya kazi, saa nane mchana. Nilifunga milango. Shuka lilikuwa kavu, sikumwaga maji. Mama Amuri alielekea nyuma kama kawaida yake, nikamzuia.

"Mama, leo kaa upande huu."

"Upande wa wanaume? Unataka wanicheke?"

"Hakuna mwanaume ila mimi na shemeji yako. Kaa, mama. Nakuomba."

Alikaa kwenye gunia la mbele kabisa, akitabasamu, anajifuta vumbi kwa ncha ya kitenge ili mwanawe amkute msafi. Niliendesha mashine mwenyewe. Sikushika fimbo. Gwaride likapita, bunduki zikapita, mstari wa chakula ukaanza. Askari akageuka, akacheka, akanywa.

Kisha Mama Amuri akasema, "Ameacha."

"Ameacha nini?" aliuliza Mzee Sumaili.

"Kushoto. Wamemufundisha. Rudisha, Bwana Sinema."

Nikarudisha. Alinyanyuka, akasogea karibu na shuka, akainua mkono wake wa kulia kuufuata ule wa kwenye picha, kisha akainua wa kushoto, kisha akaiangalia yote miwili kama ya mtu mwingine.

"Rudisha."

Nikarudisha mara ya tatu. Kisha nikazima, nikafungua mlango ili wanione, nikawaambia. Niliwaambia shuka hugeuza mtu. Niliwaambia nilijua tangu asubuhi ile ya jogoo. Nilisema, "Huyu simjui. Sijawahi kumjua."

Mzee Sumaili alinijia na bakora, akaishusha kabla ya kufika. "Nilikuwa na karatasi," alisema. "Nilikuwa nayo mukononi. Ukanionyesha ukuta." Alirudia hivyo mara nyingi, si kwa sauti kubwa. Zaina hakunitazama. Alikuwa amekwisha keti sakafuni, juu ya vumbi la pamba, na alikuwa anavua hereni, moja, kisha nyingine. Akavua bangili. Akavifunga kwenye pindo la leso, akaifunika leso ile usoni, na ndipo nikamsikia analia, sauti ya msichana mdogo, kilio kilichokuwa na miaka sita.

Mama Amuri hakulia hapo. Alinikaribia mpaka nikaona nywele nyeupe zilizotoka chini ya kitambaa chake, ambazo hazikuwepo mwaka aliokuja mara ya kwanza.

"Ulitaka nini kwangu?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

"Nilitaka watu wapige makofi, mama."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa bei sokoni.

Nilifuata matangani Kabambare, kwa miguu, siku nne. Nilidhani watanifukuza. Hawakunifukuza, walinipa kazi ya kupasua kuni, na watu waliokuwa wakiniita Bwana Sinema walipita karibu nami kama karibu na mti. Nilipasua kuni siku tatu. Diplome yangu ilikuwa Kasongo ukutani, na sikuikumbuka hata mara moja.

Siku ya kufunga matanga, mwalimu wa madrasa alisoma hitima. Alipomaliza kumtaja Amuri bin Juma, alisita. Habari ya askari wa chai alikuwa ameisikia kama wote. Alimgeukia Mama Amuri, aliyekaa na wanawake upande wa ukuta.

"Na yule mwengine, mama," alisema, "yule uliyemuita mutoto yako miaka yote. Jina yake hatuna. Lakini vita imekwisha zamani, na pengine naye hakurudi kwao. Tumutie ndani ya dua ya marehemu?"

Watu wote wakamgeukia. Hata mimi niliacha shoka.

"Hapana," Mama Amuri alisema. "Yule musimuzike. Mama yake anamungoja."